Maneno ya Herufi Tano Juu ya Boriti

Ilianza siku ya Jumanne, wiki ya pili ya muhula wa kwanza, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Naijua dakika yenyewe kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nipo Kidato cha Pili, na nilikuwa na daftari la siku nililolianza kwa sababu moja tu: nilikuwa siwezi kusema. Bubu sikuwa. Nyumbani nilikuwa nikiitika “abee” na nikisema “nishaosha” na “nishateka maji”, lakini wakikusanyika watu wanne au watano koo lilikuwa likijifunga, na nikisimamishwa darasani nilikuwa nikisimama tu, nikiangalia vidole vya mwalimu, mpaka niambiwe nikae. Basi siku hiyo Madamu wa Kiingereza, aliyekuwa amehamia kwetu kutoka bara mwezi huohuo, alitupa kazi ya kumalizia kipindi. Tumtafutie maneno ya Kiingereza yenye herufi tano, tano kamili, na ndani yake ziwemo E na A zikifuatana. “Mengi muwezavyo,” akasema. “Na si lazima mniambie. Niandikieni.” Nadhani kama asingesema hilo la mwisho mwaka wangu wote ungekwenda njia nyingine.

Jumatatu iliyopita mama mkubwa alinipigia simu nikiwa kazini, hapa Ukunda, kwenye duka la kuprinti na kutoa kopi. Nilikuwa na mteja wa fomu mbele yangu. “Tumu, umekaa?” akaniuliza. Nikamwambia nimesimama. “Hawe Mbeyu ametutoka. Wamemzika jana huko kwao Kinango. Na mimi nimepata habari leo, mwanangu.” Nikamaliza kumtolea yule mteja kopi zake, nikampa za mtu mwingine, akazirudisha, nikampa zake. Jioni nikalitoa lile daftari chini ya sanduku. Nina miaka kumi na tisa sasa na maandishi yangu ya wakati ule naona haya kuyasoma, lakini nimeyasoma, na ninaandika hapa yale ambayo sikuyaandika.

Mambo ya kwetu Jego, na kwa nini nilipelekwa kusoma Msambweni nikakaa kwa mama mkubwa, nayaacha. Nitasema nyumba. Ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, na ukumbi katikati unaotoka barazani moja kwa moja mpaka uani. Kuta za mawe na udongo zilizopakwa chokaa, paa la makuti juu ya boriti, na makuti hayo yalikuwa yamezeeka, ukilala unaona nuru ya jua kama matundu ya sindano. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kushoto. Mama mkubwa, Bi Mesaidi, alikuwa akiamka alfajiri kukanda mahamri, na mbaazi za nazi alizipika tangu jana yake, na kufika saa kumi na mbili na nusu watu walikuwa wameshajaa barazani na vibakuli vyao. Kabla hajamuuzia mtu yeyote alikuwa akichota kibakuli kimoja cha bluu, kilichomeguka ukingo, akaweka mahamri mawili juu yake, akaniambia, “Mpelekee Hawe.” Kila siku. Sikumbuki siku aliyosahau, ila hizo nitakazozitaja.

Hawe alikuwa mpangaji wa chumba cha uani, karibu na jiko. Jina lake Mbeyu, lakini sote tulimwita Hawe, ambayo kwa lugha ya kwao ni bibi. Alikuwa mzee wa kutoka upande wa Kinango, kule kwenye ng'ombe na ukame, na kilichomleta pwani alikisema kwa namna tofauti kila alipoulizwa. Hakuwa Mwislamu, na kanisani alikwenda siku za arusi. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Alikaa mlangoni pake miguu ameinyoosha, ukili unatoka mikononi mwake kama unajitoa wenyewe, ugoro umemjaa mdomoni, na maneno yake yalikuwa makali. Alisema mahamri ya mama mkubwa yana hewa kama mpira. Aliniita mimi Duka la Ijumaa. “Mdomo wako,” alisema, “ni kama duka saa saba ya Ijumaa. Kufuli! Mtu agonge, asigonge, mwenyewe yuko msikitini.” Mama mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilicheka kwa ndani. Nilipenda kukaa karibu yake kwa sababu yeye alisema kwa niaba ya sisi wawili. Siku moja aliniona nimefunga karatasi zangu kwa uzi wa gunia, akanikatia kipande cha ukili alichokitia rangi ya zambarau, rangi aliyoichemsha mwenyewe na hakuna mwingine mtaani aliyekuwa nayo. “Fungia hicho,” akasema. “Uzi wa gunia ni wa kitunguu.”

Karatasi zenyewe zilikuwa za namna mbili. Namna ya kwanza ni orodha za Madamu. Ijumaa ya wiki ileile nilimpelekea maneno arobaini na moja, mwenzangu wa darasani Sharon, aliyefuata, alikuwa na kumi na tisa, na Madamu alinitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Baada ya hapo kila wiki alitupa herufi nyingine. Namna ya pili ilitokana na Sharon mwenyewe. Mama yake Sharon alikuwa muuguzi, wametoka bara, na simu yake ilikuwa na mchezo unaokufichia neno moja la herufi tano kila siku, nawe una nafasi sita za kulibahatisha. Simu shuleni ni marufuku, na mimi simu sikuwa nayo hata nyumbani. Basi Sharon alilichukua lile neno la jana kichwani, akaja nalo, nami nikachora visanduku vitano kwenda, sita kushuka, nikabahatisha. Herufi iliyokaa mahali pake yeye aliiandika upya kwa kalamu nyekundu. Iliyomo lakini si mahali pake aliizungushia duara. Tulifanya hivyo wakati wa mapumziko, nyuma ya maktaba, bila kusemeshana. Yaani mimi sikusema. Sharon alikuwa hanyamazi. “Aki wewe Tumu, si uongee tu? Hakuna mtu atakukula.” Nilimwandikia pembeni ya karatasi: huenda yupo. Akacheka mpaka mwalimu wa zamu akaja.

Nikifika nyumbani nilikuwa nikizikunja zile karatasi ndogondogo, nazifunga kwa ule ukili wa zambarau, nasimama juu ya kitanda nazichomeka kati ya boriti na makuti. Kwa nini kuzificha? Nimejiuliza sana. Hakuna aliyenikataza. Nadhani ni kwa kuwa kilikuwa kitu cha kwanza ninachokijua kuliko watu wengine, na nilikuwa sijui mtu mwenye kitu kama hicho hukiweka wapi.

Muhula wa pili ulipoanza, Zuhura akaja kukaa nasi. Zuhura ni mke wa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi kwenye hoteli ya Diani na kurudi mara moja kwa wiki. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, ya pili ikiwa kubwa, na mama mkubwa alisema safari hii atamlea mwenyewe, mbele ya macho yake. Akapewa chumba changu kwa kuwa ndicho chenye hewa. Nilihamisha nguo, vitabu na daftari, nikawa nalala kwa mama mkubwa. Zile karatasi sikuzitoa. Siku ya kuhama watu walikuwa wanaingia na kutoka, nikasema nitazitoa kesho, na kesho Zuhura alikuwa amelala humo, na keshokutwa pia. Wifi yangu alikuwa mpole, mwenye kutembea ameshika kiuno, anayeuliza harufu ya kila chakula kabla hajala. Alikuwa amesoma mpaka Kidato cha Pili, kama nilipokuwa mimi. Hilo nalitaja makusudi.

Jumatatu moja, asubuhi, nikiwa nafunga viatu ili niende shule, Zuhura alikuwa akitoa utandu wa buibui chumbani kwa ufagio mrefu. Nikasikia kitu kimeanguka, kisha karatasi zikikunjuliwa, kisha akapiga ukelele ambao sijausikia tena. Tulimkuta amekaa sakafuni, mkono mmoja tumboni, na mbele yake karatasi zangu zimefunguka. Mama mkubwa aliokota moja. Yeye alisoma chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu anazijua, hizi nyingine anazitambua kwa shida, lakini alichokiona hakikuhitaji kusomwa. Visanduku vimepangwa safu kwa safu, ndani ya kila kisanduku herufi moja, nyingine nyeusi, nyingine nyekundu, nyingine zimefungwa na duara. Mtu yeyote wa kwetu aliyepata kuona talasimu ya mganga ameona karatasi kama ile. “Kuna maneno,” Zuhura akasema. Meno yalikuwa yakimgongana. “Mama, kuna maneno ya Kizungu. Hili hapa ni machozi. Hili ni moyo. Hili ni udongo. Na hili,” akaweka kidole kwenye safu ya mwisho, yote nyekundu, ambayo nilikumbuka nilivyofurahi kuipata kwa nafasi ya tano, “hili ni kifo. Kifo, mama. Juu ya kitanda changu.”

Alisoma sawasawa. TEARS. HEART. EARTH. DEATH. Yote yana herufi tano na E na A zinafuatana. Kwenye karatasi hiyohiyo, chini ya visanduku, kulikuwa na orodha ya Madamu, BREAD na BEACH na CREAM na CLEAN na READY, mkate na ufuo na malai na safi na tayari, lakini mtu mwenye mimba ya tatu na hofu ya mbili za kwanza hasomi mkate. Simlaumu. Leo nikiichukua karatasi ile nikaisoma kutoka juu, hata mimi jicho linatua palepale alipotua yeye. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kiatu kimoja. Ilikuwa ndiyo nafasi yenyewe, sentensi moja tu, “Ni zangu hizo, wifi,” maneno manne. Nikainama nikavaa kiatu cha pili. Kisha mama mkubwa akageuza kifurushi, akauona ukili wa zambarau, na uso wake ukabadilika. “Rangi hii,” akasema, “ya nani?”

Daftari langu la wiki ile lina mistari minne. Jumatatu: Zimeonekana. Sikusema. Jumanne: Sikusema. Jumatano: Wamemkatia mkeka. Sikusema. Ya Alhamisi ni ndefu kidogo, nitaifikia.

Siku ya Jumanne asubuhi kibakuli cha bluu kilikuwa kimefunikwa kifudifudi juu ya rafu. Mama mkubwa aliuza mbaazi zote, akasugua sufuria, na hakuniambia nimpelekee mtu kitu. Hawe alikuwa mlangoni pake, anasuka. Alipowekewa zile karatasi mbele yake siku ya Jumatatu aliuliza swali moja, “Mmezitoa wapi?” na alipoambiwa, akautazama ule ukili, kisha akanyanyua macho akanitazama mimi, juu ya bega la mama mkubwa. Hakunitazama kwa muda mrefu. Alijua. Mtu aliyekata ule ukili kwa kisu chake mwenyewe, akanipa mkononi, alijua. Akasema, “Mimi sijui kuandika hata jina langu,” na zaidi ya hapo hakusema, na mama mkubwa akamjibu, “Anayeandikiwa na mganga pia hajui kuandika.” Walikuwa wamekula pamoja miaka sita.

Mchana nilimsikia mama mkubwa jikoni akiongea na jirani, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. “Ningependa asiwe yeye. Wallahi ningependa awe mwingine. Lakini ukili huo, nani mwingine?” Yule jirani akasema watu wa nyika ndivyo walivyo, ukimpa mbaazi anakupa jini. Sote tulijua mzee akishasemwa kwa uchawi mambo huishia wapi, usiku na kwa panga. Hilo halikutajwa na mtu, lakini Jumatano tulipoamka tulikuta mkeka wa Hawe aliokuwa amebakisha pindo tu umekatwakatwa vipande uani, na kisu kilichoukata kimechomekwa kwenye mlango wake. Hawe aliviokota vile vipande kimoja kimoja akavipanga. Kilichonitisha ni kwamba hakutukana mtu.

Nami nilikwenda shule. Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu nimeona watu wakiandika mambo yao wanajisafisha. Nilikwenda shule, nikakaa nyuma ya maktaba na Sharon, nikabahatisha neno. Ijumaa ya wiki hiyohiyo Madamu alikuwa anatupeleka wanne Matuga, kwenye mashindano ya maneno kati ya shule, na mimi nilikuwa mmoja wao: Sharon wa kusema, mimi wa kuandika. Nilifikiria zaidi mashindano kuliko nilivyomfikiria Hawe. Nilikuwa nikijiambia, nikisema ni zangu watasema mimi ndiye niliyetaka mtoto wa Zuhura afe, watanirudisha Jego, shule itakuwa imekwisha. Na nilijiambia pia kwamba Hawe ni mtu mzima mwenye mdomo, atajitetea. Sharon aliniuliza mbona herufi zangu zimepinda. Nikaandika pembeni: baridi. Ilikuwa saa nne ya asubuhi Msambweni, jua kali.

Alhamisi baada ya swala ya alasiri, mama mkubwa aliita watu uani. Alikuja Maalim Bakari wa chuoni, ambaye mama mkubwa alikuwa amempelekea karatasi tangu Jumatatu, na alikuja mzee wa mtaa na fimbo yake, na majirani wawili. Zuhura aliwekewa kiti. Hawe alikaa juu ya vipande vya mkeka wake, nadhani makusudi. Mimi nilikuwa nimeambiwa niwaletee chai, nikabaki nimesimama karibu na jiko na sinia.

“Maalim,” mzee wa mtaa akaanza, “umeyatazama haya?”

“Nimeyatazama siku tatu,” Maalim akasema. Alizitoa karatasi kwenye mfuko wa kanzu akaziweka juu ya meza ndogo. “Si kitu ninachokijua mimi. Na nisichokijua sikisemei.”

“Kwa hiyo si chetu.”

“Nimesema sikijui. Usinitilie maneno mdomoni, mzee.”

Lakini watu walishaitikia kwa vichwa, kwamba si chetu, basi ni cha kwao. Zuhura alianza kulia. Alisema hakutaka ubaya na mtu, alitaka tu kulala, tangu Jumatatu halali, na mtoto hachezi kama alivyokuwa akicheza. Hawe alimtazama. “Mwanangu,” akasema, “mimi nimezika watoto watatu. Nikutakie hilo wewe?” Mama mkubwa akageuza uso.

Mzee wa mtaa akagonga fimbo chini. “Basi maneno yamekwisha. Kuna kiapo. Huko kwao Mbeyu wanakijua, na sisi tunakijua. Papai litaletwa, litasomewa, litaliwa. Mwenye hatia papai litamkaa kooni. Kesho baada ya swala ya Ijumaa.”

“Mimi kwenye mambo ya papai simo,” Maalim Bakari akasema, akaanza kutafuta viatu vyake.

“Nitalila,” Hawe akasema. “Lileteni hata leo. Nina njaa, tangu Jumatatu sijapewa mbaazi.” Kuna mtu alicheka halafu akakohoa kuficha.

“Hutalila peke yako,” mzee wa mtaa akasema. “Isije ikasemwa umeonewa. Kila alalaye nyumba hii atalila. Mesaidi, Zuhura, Mbeyu, na yule pale.” Akaninyooshea fimbo.

Sinia liliniponyoka. Vikombe viwili vilivunjika, na chai ikatiririka mpaka kwenye miguu ya Maalim, ambaye alikuwa na kiatu kimoja tu. Nikasema. Nimejaribu kukumbuka nilichosema kwanza na daftari halinisaidii, ila mama mkubwa anasema nilisema “Langu” mara nyingi, langu langu langu, mpaka wakadhani nasema papai ni langu. Halafu nikasema ni zangu hizo karatasi, ni za shule, ni mchezo, ukili alinipa Hawe nifungie vitabu. Watu saba walikuwa wananitazama. Mzee wa mtaa alitaka kunikatiza na Maalim akamzuia kwa mkono: “Mwache mtoto amalize.” Nikachukua kipande cha mkaa jikoni, nikachora visanduku vitano ukutani, juu ya chokaa ya mama mkubwa, nikaandika neno la kwanza lililonijia, na mwandiko ulikuwa ndio uleule, ile A yangu yenye mguu mrefu. Nikamwambia Zuhura, “Soma na mengine, wifi. Soma ya chini.” Akapewa karatasi. Alisoma kimya, midomo ikitembea. Mkate. Ufuo. Safi.

“Kwa nini uliandika kifo juu ya kitanda changu?” akaniuliza, polepole.

“Kilikuwa kitanda changu, wifi.”

 Mzee wa mtaa alisema watoto wa siku hizi, akamaliza chai yake iliyosalia. Maalim akakipata kiatu chake cha pili. Mama mkubwa alinikamata sikio, akaliachia, akakaa chini kwenye kizingiti cha jiko na kujifunika uso kwa leso. Zuhura aliinuka, akaenda hadi kwa Hawe, akapiga magoti kwa shida na lile tumbo. “Nisamehe, Hawe.” Hawe akamshika kichwa. “Inuka, utajiumiza. Kesho mimi nitakwenda kwa binti yangu Kinango.” Mama mkubwa akasema kwa nini aende na jambo limekwisha. “Limekwisha kwenu,” Hawe akamjibu. “Mimi nitalala hapa nikisikiliza mlango.”

Daftari la Alhamisi linasema: Nimesema. Nimesema kwa sababu ya papai. Hilo la pili ndilo linalonisumbua mpaka leo. Watu wa nyumba ile, wakiikumbuka hadithi, wanasimulia kwamba Tumu aliyekuwa hasemi alisema akamwokoa mzee, na Zuhura humsimulia hivyo binti yake, ambaye anakaribia miaka mitatu na hanyamazi hata kidogo. Mimi najua fimbo ilinyooshewa nani. Kama mzee wa mtaa angeishia kwa Mbeyu peke yake, ningesema? Nimeandika swali hilo kwenye madaftari matatu. Sijapata jibu la kuandika mbele yake.

Kesho yake, Ijumaa, gari la shule la kwenda Matuga lilikuwa linaondoka saa moja kamili. Nilivaa sare. Saa kumi na mbili na nusu mama mkubwa alikifunua kibakuli cha bluu, akachota mbaazi, akaweka mahamri manne badala ya mawili, akanipa bila kusema neno. Hawe alikula yote. Akasema mahamri yana hewa. Kisha akafunga mzigo wake: sufuria mbili, nguo, shoka dogo, na mkeka wa zamani wa kulalia. Kamba haikutosha. Nikautoa mfukoni ule ukili wa zambarau, niliouokota mezani jana yake, nikampa. Akaupima, akafungia, ukatosha.

Nikajitwika mzigo. Kutoka nyumbani mpaka steji ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu yake. Gari la shule lilitupita njiani, nikamwona Sharon dirishani akipiga kioo na kunionyesha saa ya mkononi. Sikusimama. Tulipofika kwenye mikorosho nikamwuliza Hawe kwa nini hakusema kuwa anajua ni zangu.

“Ningesema, wangesema ninamsingizia mtoto. Na wewe ungekubali?”

Nikauweka sawa mzigo kichwani.

“Nilikungoja,” akasema. “Siku nne. Jumatano, nilipookota mkeka, nilisema leo atasema. Basi.” Akatema ugoro kando. “Papai ndilo lililofungua duka.”

Tulitembea. Nilitaka kumpa kitu na sikuwa na kitu, nikasema nilichokuwa nacho: kwamba jina lake, Mbeyu, lina herufi tano kamili, na nikitaka ninaweza kulichora vizuri kwenye visanduku vyake, kalamu nyekundu, alichukue aende nalo. Alisimama katikati ya njia.

“Usiliandike,” akasema. “Jina langu usilitie kwenye visanduku, unanisikia? Liseme tu. Kuna watu wanalisema vibaya huko mbele. Wewe liseme vizuri.”

Steji ilikuwa na watu: wauza maembe, vijana wa pikipiki, akina mama wanaokwenda hospitali, na karibu wote walikuwa wamesikia habari ya Jumatatu na wachache walikuwa wamesikia ya Alhamisi. Walitupisha, kama mtu anavyopisha maji machafu. Gari la Ukunda likaja, utingo akautupa mzigo juu, Hawe akapanda akakaa dirishani akinitazama. Nilikuwa nimesimama peke yangu na sare yangu, watu kama ishirini nyuma yangu, na koo langu lilikuwa linafanya kama lifanyavyo. Nikangoja mpaka injini ikaunguruma, halafu nikasema, “Kwaheri, Hawe Mbeyu.” Sauti ilitoka ndogo. Mwuza maembe akageuka. Nikavuta pumzi nikalisema tena, lote, kwa sauti ya kufika kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, na gari lilipoondoka nikalisema mara ya tatu.